Mlango B

Jengo ni moja, anwani ni mbili.
Tarishi anajua, mapipa yanajua,
na yule mbwa mweupe wa ghorofa ya tisa, Biskuti,
anajua pia: hajawahi kupinda kona yetu.

Mbele kuna marumaru, na chemchemi
inayobubujika bila kiu ya mtu,
na kitasa cha shaba ninachokisugua tangu saa kumi na moja alfajiri
hadi nione uso ndani yake,
mrefu, umepindika,
uso wa mtu asiyekaa hapa.

Nakaa hapa.
Flati ya kumi na nne, upande wa reli.
Njia ni uchochoro, kisha mapipa,
kisha bati lililoandikwa B.
Kwetu Pangani mlango huulizwa kwa sauti, hodi,
na hata mwenye deni hujibiwa.
Huu una jicho jekundu.
Ukikukataa, husonya.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Deptford haikungoja ya tatu.
Siku ya kwanza nilikabidhiwa ndoo, na kadi ya mbele
yenye maandishi madogo: KWA KAZI TU.
Sasa ninazo mbili shingoni:
moja hunifungulia nikisafisha,
moja hunifungulia nikichoka.

Bi Doreen Pugh, wa flati ya kumi na sita,
si mgeni wa mtu.
Alizaliwa papa hapa, enzi za matofali mekundu
na kamba za nguo kutoka dirisha hadi dirisha.
Wakabomoa. Wakamwahidi atarudi.
Karudi kweli, kwa mlango B.
"Mwanamvua," aliniambia siku moja,
"mie nilidhani haya hufanyiwa ninyi."
Akacheka. Kisha akaona haya.
Kisha akanimiminia chai, nyingi mno,
ikafurika kwenye kisahani,
wala hakuna aliyeipangusa.

Februari lifti yetu ilikufa.
Siku kumi na moja.
Ngazi za ghorofa nne, na goti lake
linalolia kama bawaba.
Hapo juu, mwisho wa ukumbi, kuna mlango wa moto
uendao upande wa pili;
ramani ya dharura inauonyesha kwa mshale wa kijani.
Yaani siku tukiungua
tutakuwa majirani.

Siku ya sita nilimpitisha mbele.
Sikupanga. Mvua ilikuwa inanyesha,
naye ameketi juu ya mfuko wake wa viazi
akisema anapumzika tu.
Ndani ya lifti ya kioo aliegemea kwa kiganja asianguke,
akavuta pumzi.
"Panaukia machungwa."
"Ni sabuni yangu," nikasema,
na sijui kwa nini nilijivuna.

Ijumaa barua ikaja.
Imebainika. Imeonekana. Imeamuliwa.
Nikaisoma mara mbili nikimtafuta mtu humo ndani,
aliyebaini nani, aliyeona nani.
Hakuna. Ni vitenzi vitupu vimevaa tai.

Meneja, kijana Rupert, alinipa kiti.
Nimefanya kazi hapa miaka mitatu,
kile kiti nakijua kwa kukifuta vumbi tu.
Alisema si yeye, ni mkataba.
Alisema wale wanalipa ada ya huduma.
Alisema anaelewa, tena anaelewa sana,
na mimi nikatamani angefoka
nipate pa kushika.
Kosa la pili, kadi zitarudi.
Hakusema ni ipi.

Nilipofika mlangoni akaniita.
"Na ile alama kwenye kioo cha lifti. Tafadhali."

Nikaenda. Vidole vitano, kidogo cha mwisho kimepinda
kwa baridi yabisi.
Nikapulizia machungwa juu na chini,
nikafuta kioo chote, pembe kwa pembe,
na nilipofika pale kwenye kiganja
nikapitisha kitambaa
juu juu.